Ufundi wa Kufumua

Shosho, bibi wa ploti yetu, akienda kuchagua sweta la mtumba, kwanza huligeuza ndani nje. Rangi hajali. Hukagua ubavuni, kutoka kwapani hadi kiunoni, mahali mbele na nyuma zilipounganishwa. Akikuta kingo zimekatwa kwa mkasi na kufungwa kwa ovaloku, hulirudisha kwenye lundo bila neno, kwa sababu kila mstari wa uzi humo ulishakatika. Ukilifumua utabaki na vipande vya urefu wa mkono tu. Akikuta kila kipande kilifumwa kwa umbo lake, na mshono unaoviunganisha ni uzi mmoja uliofuatana kama mnyororo, hapo ndipo huuliza bei.

Akifika nyumbani hunyofoa uzi kidogo na kuuwasha kwa kiberiti. Sufu ya kondoo hunuka kama nywele zilizoungua, na jivu lake husagika ukilipikicha. Akriliki huyeyuka na kuacha kishanga cheusi kigumu. Shosho hufumua vyote viwili, lakini sufu huihifadhi kando, kwenye kikapu chenye kifuniko, na hiyo ndiyo hutengenezea kofia za watoto wachanga.

Tunaishi ploti moja hapa Rhonda, upande wa magharibi wa Nakuru, karibu na ua wa Hifadhi ya Ziwa Nakuru. Watu wa mbali wakisikia Bonde la Ufa hudhani ni joto. Jiji hili liko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Julai mabati hudondosha umande na majirani hutoka wamejifunga leso hadi masikioni. Mtoto anayezaliwa mwezi huo anahitaji kofia kabla hajahitaji jina.

Nimemtazama Shosho akifumua zaidi ya mara ishirini na bado napenda kusogeza kigoda nimtazame tena. Hutafuta ncha moja tu kwenye ule mshono wa ubavuni. Akiikata mahali panapofaa na kuvuta polepole, ubavu mzima hufunguka kwa mlio mdogo wa kukwaruza. Mikono ya sweta huachana na kiwiliwili. Kisha huanza juu, shingoni, maana sweta nyingi zilifumwa kutoka chini kwenda juu, na uzi hufumuka kwa wepesi ukirudi pale ulipomalizikia. Huuzungusha kwenye mgongo wa kiti, raundi baada ya raundi, kisha huufunga sehemu nne ili usitatizike, na kuuosha kwa maji ya uvuguvugu. Uzi uliokaa miaka ndani ya sweta hutoka umejikunja kama nywele zilizosukwa na kufumuliwa. Shosho huutundika kwenye kamba na kuning'iniza chupa ya maji chini yake mpaka ukauke, na kesho yake umenyooka. Akiharakisha, akaufuma ungali na mikunjo, kofia hutoka na mabonde. Sijamwona akiharakisha.

Kiswahili kina maneno mawili yanayokaa nyumba moja: kufuma na kufumua. Ni kama kufunga na kufungua, au kuziba na kuzibua. Silabi moja hugeuza kazi ikarudi ilikotoka. Nilipoanza kujifunza mwaka juzi nilidhani nitafundishwa neno la kwanza. Nilifundishwa la pili. Shosho alinipa spoki mbili za baiskeli zilizonolewa ncha kwenye saruji, na uzi wa rangi ya majani makavu, akaniambia nifume mraba. Waliosoma baada ya mfumo wa elimu wa 8-4-4 kuanza mwaka 1985 wanazikumbuka spoki hizo kutoka somo la sanaa na ufundi. Mimi sikuwahi kuzishika. Mraba wangu wa kwanza ulianza na vitanzi ishirini, ukafika katikati na ishirini na sita, ukaishia na kumi na saba.

"Fumua," Shosho akasema.

Nilifumua mara nne. Mara ya tano nilianza kuona alichokuwa akikiona yeye: kitanzi kilichoponyoka mistari mitatu nyuma, uzi niliouvuta kwa nguvu pale nilipokuwa na hasira, na mahali nilipolegeza nikizungumza na jirani. Mraba ni mwalimu mkali kwa sababu hauna pa kuficha kosa. Afrika Kusini kuna shirika liitwalo Knit-a-Square, lililoanza mwaka 2008, ambalo hupokea miraba ya sentimita 20 kutoka kwa wafumaji wa nchi nyingi. Miraba 35 huunganishwa ikawa blanketi la mtoto. Nadhani walioliwazia jambo hilo walimjua vizuri mtu anayeanza. Walimwomba kile tu anachoweza kukimaliza.

Jumamosi moja Shosho aliniambia tutoke, nikaone uzi unakoanzia. Tulipanda matatu kwenda Njoro, safari ya nusu siku, kwenda na kurudi, na chai ya njiani. Mto Njoro unatoka Mau Mashariki, unapita Njoro na Chuo Kikuu cha Egerton, kisha unateremka hadi ziwani karibu na huku kwetu, kwa hiyo tulikuwa tukipanda kinyume cha maji yetu wenyewe. Huko Njoro kuna Kenana Knitters, kikundi kilichoanza mwaka 1998 ili wanawake wa mashambani wapate kipato kwa kusokota na kufuma sufu. Hutengeneza wanyama wa kuchezea kwa uzi uliosokotwa kwa mkono na kutiwa rangi za mimea, na kila mnyama hubeba jina la aliyemfuma. Hilo jina lilinigusa kuliko rangi zote. Mikono iliyofuma sweta za mitumba hatuijui hata mmoja.

Na nchi hii haikuwapokea kondoo kirahisi. Mwanzoni mwa karne ya 20 mlowezi Lord Delamere alileta kondoo wa Merino Njoro, wakadhoofika na kufa wakiwa kwenye nyasi nyingi. Baadaye ilijulikana kwamba udongo wa sehemu hizi una upungufu wa kobalti, madini ambayo mnyama huyahitaji ili apate vitamini B12, na ugonjwa huo ukabeba jina la mji wetu: Nakuruitis.

Sufu ya kikapuni huishia kuwa kofia, na kofia ya Shosho huanza na vitanzi 64 kwa mtoto aliyetimiza miezi, 48 kwa njiti. Ukingo hufumwa kimoja mbele kimoja nyuma, ndipo uvutike bila kubana. Akifika utosini hupunguza vitanzi vinane, anafuma mstari mmoja bila kupunguza, anapunguza tena vinane, mpaka vibaki vinane. Hupitisha uzi ndani yake na kukaza. Fundo huliweka nje, sio ndani, kwa kuwa ngozi ya mtoto aliyezaliwa chini ya kilo mbili na nusu huumizwa na kitu kidogo sana. Watoto hao hubebwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, utaratibu ulioanzia Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, na wakiwa hapo kichwa chao huvikwa kofia kwa sababu ndicho kinachopoteza joto kwa haraka.

Kofia zikifika kumi na mbili, Shosho huziosha, huzianika, huzifunga kwa leso na kuzipeleka hospitalini, kwenye wodi ya watoto wachanga. Hapigwi picha. Muuguzi huzihesabu, humshukuru, naye hurudi na leso yake tupu kwa sababu ataihitaji mwezi ujao. Safari ya mwisho kofia moja ilikuwa yangu. Alikuwa ameifumua utosi na kuufuma upya bila kuniambia, nami nilijua nilipoigusa.

Kama una sweta la sufu lililotoboka viwiko, usilifanye tambara la kupangusia. Ligeuze ndani nje, utazame ubavu wake, na ukiona ule mshono wa mnyororo mpelekee mfumaji wa mtaani kwenu.