Mwanafunzi, Mhariri na Msomaji wa Mbali

Mwaka 2001 wanafunzi waliokuwa Strasbourg kupitia Erasmus, mpango wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi ulioanza 1987, walianzisha jarida la mtandaoni la Cafébabel. Walitaka kijana wa Poland na wa Hispania wajione watu wa Ulaya moja. Vijana wa miji mbalimbali waliandika makala, wahariri walioketi Paris wakahariri, na wafasiri wa kujitolea wakazisambaza makala hizo kwa lugha sita.

Kazi ya namna hii si ngeni kwetu. Mambo Leo, gazeti lililoanzishwa 1923 na Idara ya Elimu ya Tanganyika, lilichapa habari za miji na wilaya, mtu wa Bukoba akasoma ya Lindi kwa Kiswahili. Tangu 1999, Femina ya Dar es Salaam, iliyoasisiwa na Minou Fuglesang, imewapa vijana nafasi ya kusomana namna hiyo kwa jarida la Fema na klabu zake katika shule za sekondari. Ndugu yake, Si Mchezo!, alizaliwa 2003 kwa ajili ya vijana wa vijijini. Waandishi wake walisafiri mikoani, wakahoji vijana na kuwapiga picha, kisha rasimu zikasomwa na wasomaji wa majaribio kabla ya kwenda kiwandani.

Umoja unajengwa katika hatua ipi ya kazi hii? Kwa maoni yangu, ni pale mhariri anaporudisha rasimu.

Tuseme mwanafunzi wa Iringo, hapa Musoma, ameandika: “Mbalamwezi imeingia, Mwigobero biashara imelala.” Jirani yake ameelewa. Msomaji wa Newala hajaelewa kitu. Mhariri atauliza: mwezi na biashara vinahusianaje? Mwandishi itabidi aeleze kwamba dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa kuwa hufuata mwanga. Mwezi ukishajaa, taa hazifui dafu, wavuvi hupumzika, na mama mwanikaji hana cha kuanika. Swali la pili: haya umeyapata kwa nani? Kijana anarudi Mwigobero, kwenye mwalo wanakoshushia dagaa, akiwa na daftari.

Kwa maswali hayo mawili amegundua kuwa maisha aliyoyazoea ni mageni kwa Mtanzania mwenzake, na kwamba yanastahili kuelezwa kwa uangalifu. Naye msomaji wa Newala, aliyekulia kwenye msimu wa korosho, anazikuta humo hesabu za nyumbani kwao: siku za kupata zinavyobeba siku za kukosa. Wawili hao wamefahamiana bila kuhubiriwa umoja.

Ndiyo maana insha za uzalendo hazifiki mbali. Mwanafunzi akipewa mada “Umoja ni nguvu” ataandika anachojua mwalimu anataka kusoma. Mwandishi wa habari naye, akija shuleni kupiga picha na kugawa vyeti tu, ameacha ujuzi wake mlangoni. Ujuzi huo ni kuuliza, kuhakiki na kumfikiria asiyekuwepo.

Mkoa wetu wa Mara una kila sababu ya kuufanyia kazi ujuzi huo. Wakurya, Wajita, Wazanaki, Waikizu, Wangoreme, Wakwaya na Waluo wanaishi jirani, na wengi hawajui shughuli za wenzao zinavyoendeshwa. Redio tunazo: Victoria FM Musoma, Mazingira FM Bunda. Klabu ya shule ya mwambao na ya bara, Butiama au Serengeti, zingeweza kubadilishana rasimu, kila moja ikiiuliza nyingine maswali kabla ya kwenda hewani. Baadaye Tarime ishirikiane na Migori ya Kenya, kwa kuwa Wakurya wako pande zote mbili za mpaka.

Gharama kubwa hapa ni muda: mwalimu mlezi wa kudumu, na mhariri aliye tayari kusoma rasimu ileile mara tatu. Vyombo vya habari vya Mara vitoe muda huo. Kijana aliyezoea kujieleza kwa mtu asiyemjua hatababaishwa kirahisi na atakayemwambia kuwa mtu huyo ni adui yake.