Kuipima Prosesa ya Kompyuta ya Michezo

Mtu atakaye kuunda kompyuta ya michezo, akisimama baina ya Intel, iliyoasisiwa mwaka 1968, na AMD, iliyofuatia mwaka 1969, aghalabu huuliza kwanza ni prosesa ipi yenye gigahezi nyingi. Na swali hilo, ijapokuwa limezoeleka madukani, halimfikishi kwenye ubora.

Michezo hudai prosesa isiyokaa ikingoja. Kila fremu ichorwapo, prosesa huhitaji habari nyingi ndogondogo, na ikizikosa katika kache, yaani hazina iliyo ndani yake yenyewe, hulazimika kuzifuata kwenye RAM, na muda wote huo hukaa bure. Hoja iliyo dhahiri ni Ryzen 7 5800X3D, iliyotolewa na AMD mwaka 2022: kasi yake ya juu ni gigahezi 4.5, nayo 5800X hufika 4.7, lakini kwa kuwa ilitandikiwa kache juu ya kache hata ikapata megabaiti 96 badala ya 32, iliipita mwenziwe katika michezo mingi. 7800X3D na 9800X3D zimeshika njia iyo hiyo, na kwa anayecheza tu mimi sioni sababu ya kwenda kwingine.

Asomaye vipimo asiridhike na wastani wa fremu kwa sekunde, bali atazame ile asilimia 1 ya fremu zilizokawia kupita zote, kwani humo ndimo hufichuka mikwamo ambayo jicho huihisi hata wastani ukipendeza. Ama mwenye skrini ya 4K, mzigo wake huielemea kadi ya picha, na fedha zake ni aula azitie huko.

Intel nayo haikukosa sifa: Core i9-14900K, yenye kora 24, ni hodari kwa anayehariri video pamoja na kucheza, ila huweza kula wati 253, na joto litokalo humo lataka kipoza madhubuti. Tena anunuaye ya kizazi cha 13 au 14 iliyokwisha kutumika na ajihadhari, maana marekebisho ya mwaka 2024 huzuia ila ya kuyumba iliyozikumba prosesa hizo, wala hayaiponyi prosesa iliyokwisha kudhurika.

Na soketi, yaani tundu la ubao mama lipokealo prosesa, itazamwe kabla ya kulipa: LGA1700 ya Intel imekoma kwenye kizazi cha 14, ilhali AM5 ya AMD, ya mwaka 2022, imekwisha kupokea 7800X3D na 9800X3D kwenye ubao mama mmoja.