Mpime pale anapojitoa: namna ya kutazama filamu za Raj Kapoor

Mwigizaji anayeongoza filamu yake mwenyewe huwa na tamaa mbili zinazovutana. Kama stelingi, anataka uso wake ujae skrini. Kama mwongozaji, anajua kwamba uso mmoja ukijaa skrini kwa saa tatu, hadithi itakufa. Ndiyo maana kusema tu kwamba "anajua kuigiza" hakutoshi kumpima. Mimi hutumia kipimo kimoja: natazama anawapa nini wenzake, na ana ujasiri gani wa kujitoa kwenye picha.

Kipimo hicho hakifanyi kazi kwa filamu moja. Kinahitaji kazi ya maisha mazima iwekwe mbele yako, na hapo ndipo onyesho la heshima, yaani filamu za msanii mmoja zikionyeshwa pamoja, linapokuwa na thamani. Kuanzia tarehe 13 hadi 15 Desemba 2024, India iliadhimisha miaka 100 ya kuzaliwa kwa Raj Kapoor, mwigizaji na mwongozaji wa namna hiyo, kwa kurudisha filamu zake 10 katika majumba ya sinema 135 kwenye miji 40, kwa tiketi ya rupia 100. Mtu aliyezaliwa Peshawar tarehe 14 Desemba 1924 na kufariki New Delhi tarehe 2 Juni 1988 alionekana tena, kuanzia kijana wa Aag ya 1948 hadi mzee aliyekaa nyuma ya kamera ya Ram Teri Ganga Maili ya 1985. Ukipata nafasi ya kuzitazama kwa mfuatano, iwe ukumbini au sebuleni kwako, haya ndiyo ya kuangalia.

Kwanza: kamera imemweka wapi

Anza na Awaara ya 1951. Filamu inafunguka mahakamani. Mshtakiwa ni Raj, na yuko kizimbani. Mwongozaji mwenye pupa angeanza na uso wake na maneno yake. Kapoor amejiweka kizimbani na kuwaachia wengine uwanja: Nargis, anayecheza wakili Rita, ndiye anayeuliza maswali, na Prithviraj Kapoor, baba yake mzazi Raj, anayecheza jaji Raghunath, ndiye anayebanwa kwa maswali hayo. Kisha hadithi inarudi nyuma miaka mingi, na muda mrefu unapita kabla stelingi mwenyewe hajaishika filamu. Utoto wake umeigizwa na mdogo wake, Shashi Kapoor. Mtoto anaiba mkate kwa ajili ya mama yake mgonjwa. Tunapokutana na mtu mzima yuko gerezani, na mkate uko mkononi mwake.

Angalia pia alivyomwongoza baba yake. Prithviraj alikuwa mtu wa jukwaa, mwasisi wa kikundi cha Prithvi Theatres, na uigizaji wake ni mkubwa: sauti nzito, kifua mbele, macho makali. Mwana hakujaribu kushindana naye. Anapunguza sauti na mikono, anaacha mabega yafanye kazi. Ukubwa wa mmoja unaufanya udogo wa mwingine uonekane. Mwongozaji anayejua kuigiza huwa na sikio la namna hii. Anajua lini atulie ili mwenzake asikike.

Kisha tazama ile ndoto maarufu, ambayo inasemekana ilichukua miezi mitatu kupigwa. Kuna mawingu, ngazi na sanamu kubwa, na Nargis yuko juu. Raj yuko chini, katikati ya moto, akilia atolewe. Studio ni yake na fedha ni zake, lakini amejipa nafasi ya chini kabisa kwenye picha. Hata hotuba yake mahakamani mwishoni haimwombei huruma yeye. Inawageuza watazamaji wawaangalie watoto wengine wanaokulia kando ya mitaro ya maji machafu.

Pili: wimbo unasukuma hadithi au unaisimamisha

Filamu ya Kihindi hupimwa kwa nyimbo, na hapa usikubali kulaghaiwa na utamu wa sauti peke yake. Jiulize: wimbo ulipoanza wahusika walikuwa wapi kimoyo, na ulipokwisha wamefika wapi? Kama wako palepale, ni pambo.

Mfano bora ni wimbo wa mvua katika Shree 420 ya 1955. Raj amekuja Bombay bila kitu. Anakunywa chai na Vidya, anayechezwa na Nargis, kwenye kibanda cha mtaani. Hana hela, na Vidya ndiye anayelipa. Mvua inaanza. Kuna mwavuli mmoja, na tazama mikono yao: mwavuli unasukumwa kwake, unarudishwa, kila mmoja anataka mwenzake asilowe, mpaka wote wawili wanalowa. Muuza chai anawatazama kutoka kibandani. Watoto watatu waliovaa makoti ya mvua wanapita wameshikana mikono. Hao ni watoto wa Raj Kapoor mwenyewe, Randhir, Ritu na Rishi. Wimbo ulipoanza, hawa walikuwa watu wawili wanaoona haya. Unapokwisha, tayari wanazungumzia maisha na watakaobaki baada yao. Kuyapitia hayo kwa mazungumzo kungehitaji nusu saa.

Sikiliza pia ndoa ya mwili na sauti. Nyimbo nyingi za Raj ziliimbwa na Mukesh. Tazama shingo na pumzi ya mwigizaji, maana midomo pekee ni rahisi kuilinganisha na sauti. Anapovuta pumzi mahali ambapo mwimbaji amevuta, unasahau kwamba ni watu wawili.

Tatu: zima tafsiri

Wazee wa Unguja na Dar es Salaam walizitazama picha hizi Majestic, Empire na Avalon, na wengi wao hawakujua Kihindi. Walifuata hadithi kwa macho na sikio, wakatoka wakibishana kama baba katika hadithi alikuwa na haki au la, na tuni za Kihindi zikaingia mpaka kwenye taarabu. Ule ulikuwa mtihani mkali kuliko wa mhakiki yeyote. Chagua tukio moja, ondoa maandishi ya tafsiri, ulitazame. Kama bado unajua nani anamtaka nani, nani anaficha nini, na nani ana nguvu ndani ya chumba, basi mwongozaji ameifanya kazi yake kwa picha.

Jagte Raho ya 1956 inafaulu mtihani huu kwa alama za juu. Raj ni mtu wa shamba anayetafuta maji ya kunywa mjini usiku. Anaingia kwenye jengo la ghorofa, anaitiwa mwizi, na akiwa mafichoni anashuhudia wizi halisi wa wakazi waheshimiwa. Karibu filamu nzima hasemi. Na hapa pana jambo kubwa: ingawa aliitoa yeye kwa kampuni yake, uongozi aliwaachia Sombhu Mitra na Amit Maitra. Mwaka uliofuata filamu hiyo ilishinda tuzo kuu ya tamasha la Karlovy Vary. Onyesho la heshima linaloiacha Jagte Raho kwa sababu hakuiongoza linamnyima mtazamaji ushahidi muhimu: kwamba mwongozaji huyu aliweza kuongozwa.

Nne: anaofanya nao kazi

Soma majina mwanzoni mwa kila filamu na uyakariri. Tangu Awaara na kuendelea utaona K. A. Abbas kwenye hadithi nyingi, Radhu Karmakar kwenye kamera, Shankar na Jaikishan kwenye muziki, Shailendra na Hasrat Jaipuri kwenye mashairi. Watu wenye vipaji hawakai na mtu anayetaka sifa zote. Karmakar alipewa hata uongozi wa Jis Desh Mein Ganga Behti Hai ya 1960, Raj akibaki mwigizaji. Timu inayodumu ni dalili ya mwongozaji anayegawa.

Tano: mazoea

Mhusika wa Raj mwenye suruali fupi na tabasamu la kinyonge, aliyetokana na Chaplin, alipendwa mno, na kinachopendwa mno huwa mtego. Ukiona filamu kwa mfuatano utajua ni wapi ishara iliyokuwa hai imekuwa desturi. Kwangu, ufa unaonekana katika Sangam ya 1964. Ni filamu yake ya kwanza ya rangi, imepigwa mpaka Venice na Paris, inakaribia saa nne na ina mapumziko mawili. Rangi zake ni za kufurahisha. Lakini Sundar, mhusika wake, anacheka, anang'ang'ania na kusema bila kituo, na kamera inamfuata kila pembe, huku Vyjayanthimala na Rajendra Kumar wakibeba maumivu ya hadithi kwa nafasi ndogo waliyoachiwa.

Mera Naam Joker ya 1970 inathibitisha mtego huo kwa njia ya kushangaza. Ina sura tatu na inapita saa nne. Sura iliyo bora, kwa macho yangu, ni ya kwanza, ya kijana anayempenda mwalimu wake, na humo Raju, mhusika wa Raj, anachezwa na mwanawe Rishi. Filamu haikuuza, ikamwachia Raj madeni.

Sita: akishatoka

Filamu iliyoyajibu madeni hayo ilikuwa Bobby ya 1973. Raj hamo kabisa. Skrini ni ya Rishi na Dimple Kapadia. Tazama tukio la mlango: kijana anabisha, msichana anafungua akiwa ametoka jikoni, na unga unabaki kwenye nywele zake. Tukio hilo Raj alilitoa kwenye siku aliyokutana na Nargis kwa mara ya kwanza. Jambo lililokuwa lake moyoni amelitoa akampa mwanawe alicheze, naye akakaa nyuma ya kamera. Hapo ndipo mwigizaji na mwongozaji walipopatana ndani yake.

Lakini haki isemwe yote. Katika Satyam Shivam Sundaram ya 1978 na Ram Teri Ganga Maili, kamera inakaa juu ya miili ya waigizaji wa kike kupita mahitaji ya hadithi. Kujitoa kwenye picha kunampunguzia mtu majivuno ya uso wake. Hakumpunguzii tamaa ya jicho lake. Mpenzi wa kweli wa filamu hizi aliseme hilo bila kumung'unya maneno.

Mwisho: mpime na mwandaaji

Onyesho lenyewe nalo lina ubora wake. Angalia nakala: katika filamu za rangi nyeusi na nyeupe, vivuli vya Karmakar viwe na kijivu cha viwango vingi; vikigeuka madoa meusi matupu, nakala ni mbovu. Sikiliza kama sauti imesafishwa mpaka pumzi ya mwimbaji imepotea. Uliza kama filamu imeonyeshwa kwa urefu wake wa awali, maana Mera Naam Joker imezunguka miaka mingi ikiwa imekatwa. Hakikisha nyimbo nazo zimetafsiriwa, kwa sababu nusu ya hadithi imo humo. Haya si anasa. Septemba 2017 moto uliteketeza studio yake ya RK huko Chembur pamoja na mavazi ya filamu hizo, na miaka miwili baadaye kiwanja kikauzwa. Kilichobaki cha kumpimia mtu huyu ni filamu zenyewe.

Ukiwa na muda wa filamu tatu tu, tazama Awaara, kisha Jagte Raho, kisha Bobby, kwa mpangilio huo. Katika ya kwanza anajiweka chini ya wenzake, katika ya pili anajiweka chini ya waongozaji wengine, na katika ya tatu anaondoka. Baada ya hapo mchukue mwigizaji yeyote wa leo aliyeshika uongozi, wa Mumbai au wa Dar es Salaam, umuulize swali hilohilo: katika filamu yake, ni nani mwingine aliyepata nafasi ya kung'ara?