Usimwamini Mtu Little Kilton

Wekeni kando chochote mnachosoma. Nimetoka kumaliza A Good Girl's Guide to Murder ya Holly Jackson na lazima nimwambie mtu! Ilitoka Uingereza mwaka 2019, na ndiyo riwaya yake ya kwanza. Ya kwanza, jamani! Wapo waandishi waliozeekea kazi hii ambao hawajawahi kuandika kitu chenye kasi namna hii.

Little Kilton ni mji mdogo wa kubuni katika kaunti ya Buckinghamshire, nje ya London, mji wa watu wenye nazo, ambako kila mmoja anamjua mwenzake. Aprili 2012 Andie Bell, msichana ambaye shule nzima ilimtamani au kumwonea wivu, anatoweka. Siku chache baadaye mpenzi wake, Sal Singh, anakutwa msituni amekufa. Kabla ya hapo baba yake Sal alipokea ujumbe wa simu kutoka kwa mwanawe, akikiri. Andie hajapatikana, si mzima si maiti, lakini mji unashusha pumzi: muuaji kajulikana, tena kajimaliza mwenyewe. Nani ajisumbue zaidi?

Pip ajisumbue! Pippa Fitz-Amobi, binti wa miaka 17, anaichagua kesi hiyo kuwa mradi wake wa utafiti wa shule, miaka mitano baada ya tukio. Shuleni amejieleza kwa adabu kwamba hatachimba mauaji yenyewe. Thubutu! Anamkumbuka Sal kuwa kijana aliyemtendea wema alipokuwa mdogo, na haamini kwamba aliua. Basi anakwenda kubisha hodi kwa kina Singh, familia ambayo mji umeitenga kama wenye ukoma, na anayefungua mlango ni Ravi, mdogo wake Sal. Utani wa hawa wawili! Nacheka, mara nashtuka, halafu nacheka tena.

Kilichonitia wazimu hasa ni namna kitabu kilivyopangwa. Simulizi inakatizwa na daftari la utafiti la Pip, mahojiano yaliyonakiliwa neno kwa neno, ramani, na orodha ya watuhumiwa inayozidi kurefuka. Anachokiona Pip, nawe unakiona. Kila nilipomtia mtu hatiani, sura iliyofuata ilimtoa rumande. Na watuhumiwa si majambazi wa kutoka mbali; ni watu wa nyumbani kabisa, wanaokaribisha wageni na kuuliza hali za wazazi. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walishasema, ila Jackson anakuvulisha nguo moja moja hadi unaogopa hata shati la ndani. Kuna mahali Pip amekwenda kupiga kambi na marafiki, akafungua mfuko wake wa kulalia… hapana, siwaharibii.

Chini ya mbio zote hizo kuna hasira, na hapo ndipo kitabu kilinishika kooni. Sal alikuwa mwanafunzi hodari aliyekuwa anaelekea Oxford, kijana mwenye asili ya Kihindi. Mji ulimtia hatiani upesi mno, na kwa raha mno. Huko nyuma vijana wa nyumba kubwa wanafanya karamu wazazi wakiwa hawapo, na yanayotendeka humo hayamfikii polisi. Baba wa kambo wa Pip, Victor, ni Mnijeria, kwa hiyo binti huyu analijua vizuri jicho la jirani. Toleo la Marekani limekihamishia kisa Connecticut, mji ukaitwa Fairview, na kisa hakikuchechemea. Matajiri na siri zao hawahitaji viza!

Nina malalamiko? Kidogo. Watu wanamfungulia Pip mioyo yao kirahisi ajabu, na kuelekea mwisho mafundo yanafunguliwa mengi kwa pamoja hadi nililazimika kusoma kurasa kadhaa upya. Nilizisoma upya kwa furaha.

BBC ilitoa tamthilia yake mwaka 2024, Emma Myers akiwa Pip. Anzeni na kitabu, nawasihi. Lile daftari halina mbadala kwenye skrini. Baada ya kitabu hiki kuna Good Girl, Bad Blood, kisha As Good As Dead, na vyote viwili ninavyo tayari. Wikendi hii msinipigie simu.