Wimbo wa kukamulia

Llano ni tambarare la nyasi na mito lililotandaa kutoka Venezuela hadi Kolombia, na huko mkamuaji huwahi zizini kabla hakujapambazuka. Anamwita ng'ombe kwa jina, kwa sauti ya kuvuta. Kijana aliye langoni, wanayemwita becerrero, akilisikia jina anamfungulia ndama wa ng'ombe huyo. Ndama ananyonya mafunda machache tu, mama ashushe maziwa, kisha anavutwa na kufungwa ubavuni mwake ili mama aendelee kumnusa. Miguu ya nyuma ya mama inafungwa kamba. Mkamuaji anachuchumaa, anaweka ndoo, anaimba.

Wimbo huo ni tonada. Hauna ngoma. Unakuja mstari mmoja mrefu, halafu kimya, na katika kimya hicho unasikia maziwa yakipiga ndoo. Ng'ombe akishtuka huyazuia maziwa, kwa hiyo sauti haipandi ghafla wala haikatiki ghafla.

Simón Díaz, aliyezaliwa Barbacoas, jimbo la Aragua, mwaka 1928, alizichukua nyimbo hizi za zizini na kutunga zake kwa mwendo uleule. Chini ya sauti aliweka cuatro, gitaa dogo la nyuzi nne. Mwanafunzi wa cuatro hukaza nyuzi huku akitamka "cambur pintón", yaani ndizi inayoanza kuiva: silabi nne, kila uzi na silabi yake. Tatu za kwanza zinapanda. Ya nne, pale sikio linapotarajia ipande tena, inashuka. Ndiyo maana mkono ukipita kwenye nyuzi zote, sauti hupanda kisha ikarudi kifuani.

Kwenye joropo, muziki wa kuchezwa, mkono huohuo hupiga na kuzima nyuzi kwa kiganja, pa, pa, mpaka cuatro inakuwa nusu ngoma. Kwenye tonada Díaz hana haja na hayo. Anazigusa nyuzi taratibu, anatoa neno, anangoja. Anavyongoja! Mwimbaji mwingine angelijaza pengo hilo kwa madoido.

Dunia inamjua zaidi kwa "Caballo viejo" ya mwaka 1980, ambayo Gipsy Kings waliingiza sehemu yake katika "Bamboléo". Ni wimbo mzuri, ila mimi namsikia fundi mwenyewe kwenye tonada, anakobakiwa na vitu vichache kabisa mkononi. Wavenezuela walimwita Tío Simón, Mjomba Simón, hadi alipofariki mwaka 2014.

Mwaka 2017 UNESCO iliziorodhesha nyimbo za kazi za llano miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mashine ya kukamulia haimwiti ng'ombe kwa jina.

Mahali wanapokamua kwa mkono, ndoo ikijaa kamba inalegezwa, na wimbo unakwisha polepole kama ulivyoanza. Chuchu moja haijaguswa. Ndama anaijua ilipo.