Kivuli cha Kushoto

Anayetoka Tanga kwenda Pangani kwa baiskeli asubuhi, jua humchomozea kushoto, upande wa baharini. Akirudi alasiri jua limeshahamia bara, nako ni kushoto kwake vilevile. Mkono mmoja ndio unaoungua kwenda na kurudi. Lakini kwa kuwa nchini mwetu vyombo hupita kushoto, minazi na miembe iliyoota upande huo hulaza kivuli chake juu ya ukingo uleule anaoupita, asubuhi na alasiri. Hakuna mhandisi aliyelipanga jambo hili. Wachuuzi wa samaki wanalijua zamani, na ukiwafuata nyuma utaona hawasogei katikati ya barabara hata pale pasipo na gari. Wanapita kivulini, mti kwa mti.

Sina ugomvi na mashindano ya baiskeli, wala na vijana wanaopita wamevaa nguo za kubana wakitazama saa zao. Ufundi ninaousifu mimi ni mwingine, tena hauna medali. Ni ufundi wa kuijua njia. Kutoka Tanga hadi Pangani ni kama kilomita 50, na kwenye ramani ni mstari mmoja tu unaoteremka kusini sambamba na bahari. Kwa mwenye baiskeli, huo mstari ni njia tele zilizolaliana: njia ya alfajiri na njia ya saa nne, njia ya kusi na njia ya kaskazi, njia ya kiangazi na njia ya masika. Miguu kila mtu anayo. Bingwa ni yule anayejua leo anaingia njia ipi.

Chukua upepo. Kusi inapovuma, katikati ya mwaka, aendaye Pangani anaipokea usoni. Alfajiri haimsumbui, maana bahari bado imetulia na pengine kuna umande, ule upepo mwepesi wa kutoka bara. Jua likipanda, upepo wa baharini unaamka, unaungana na kusi, na kufikia saa nne au saa tano mtu aliyekuwa akienda kwa raha anajikuta ameinama juu ya usukani kama anayesukuma mlango uliofungwa. Hesabu yake haina huruma: hewa ikikupiga kwa kasi maradufu, nguvu inayokurudisha nyuma haiwi maradufu, inakuwa mara nne. Ndiyo maana saa mbili za kuchelewa kitandani zinaweza kukugharimu jasho la siku nzima. Manahodha wa majahazi walikuja na kaskazi kutoka Arabuni wakarejea na kusi, wakasubiri miezi baina ya hizo mbili. Mchuuzi wa baiskeli anafanya biashara hiyohiyo ya kungoja, ila yeye anaimaliza kwa siku moja: aenda kabla upepo haujaamka, arudi nao mgongoni.

Tanga yenyewe ni mji wa baiskeli, na Watanga hawapendi kuambiwa habari hiyo kama jambo jipya. Katika mitaa ya Ngamiani, yenye barabara zinazoitwa kwa namba, utawaona akina mama wenye mabaibui wakiendesha bila kuhangaika, mkoba ndani ya kikapu cha mbele na mtoto kwenye keria. Mji ukiishia nyuma, mashamba yanaanza. Unapita Machui, alikozikwa Shaaban Robert mwaka 1962, si mbali na Vibambani alikozaliwa mwaka 1909. Mbele kidogo ni Tongoni, penye msikiti uliobomoka na makaburi zaidi ya arobaini ya kale, mengine yakiwa na nguzo za mawe. Mwenye gari hupapita Tongoni bila kujua amepita. Mwenye baiskeli anaweza kuchepuka, akaegemeza chombo chake kwenye mti na kuitazama bahari ambako Vasco da Gama, Januari 1499, aliichoma moto meli yake mwenyewe, São Rafael, kwa kuwa mabaharia waliokuwa wamesalia hawakutosha kuendesha meli tatu.

Halafu mkonge, na hapo kivuli kinakwisha. Mkonge hauna tawi wala kivuli cha kumfaa mtu, ni mistari tu iliyonyooka mpaka macho yachoke. Nchini mwetu zao hili lilianzia huku. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutoka kwenye hiyo 62, kufikia mwaka 1964 Tanganyika ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 230,000 za katani kwa mwaka. Ukipita katikati ya mashamba hayo saa sita mchana, takwimu hizo unazielewa kwa ngozi. Waendeshaji wenye busara hupita mkongeni mapema, na wakichelewa hupumzika kabla ya kuingia, si baada ya kutoka.

Mkongeni ndiko pia zinakotoka pancha nyingi. Kila jani lina mwiba mweusi kwenye ncha, mgumu kama sindano ya gunia, na jani kavu likianguka njiani mwiba unabaki. Mbigiri nazo zimejaa kando ya barabara. Mtazame mtu mzoefu akiziba pancha mwituni. Haling'oi gurudumu zima. Anaipindua baiskeli ikae juu ya siti na usukani, anaitoa tyubu upande mmoja tu, anaijaza upepo na kuipitisha polepole karibu na mdomo, kwa sababu ngozi ya mdomo husikia upepo ambao sikio halisikii. Akiipata tundu anaikwaruza kwa msasa, anapaka gundi, kisha anaacha. Hapa ndipo anayejifunza hujulikana: hubandika kiraka gundi ikiwa bado mbichi. Mzoefu anangoja mpaka gundi ikauke na kunata kwenye kidole. Na kabla ya kurudisha tyubu anaingiza vidole ndani ya tairi, anapapasa mzunguko wote taratibu, mpaka aukute mwiba wenyewe umejificha. Asipoutoa, baada ya kilomita mbili ataanza upya.

Kigombe ni kijiji cha wavuvi, na hapo ndipo ufundi huu unapoonekana ukiwa umekamilika. Mashua zikiingia, wachuuzi hununua ufukweni na kufunga matenga. Baiskeli zao ni zile nzito za Kichina zenye gurudumu la inchi 28 na breki za vyuma, gia moja tu. Angalia tenga linavyofungwa. Halikai nyuma kabisa ya keria, linasukumwa mbele mpaka liguse siti, kwa sababu uzito ukipita nyuma ya ekseli gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unaanza kucheza. Kamba ni mipira ya tyubu kuukuu iliyokatwa vipande virefu, maana mpira unavutika njia ikiruka na kukaza tena, wakati kamba ya katani ikilegea imelegea. Samaki wanafunikwa majani mabichi, na gunia lililoloweshwa juu yake. Kupanda hakufanyiki kwa nyuma, tenga halipitishi mguu. Mchuuzi anaikimbiza baiskeli hatua chache, anakanyaga pedali kwa mguu wa kushoto, kisha anauvusha wa kulia mbele ya siti, juu ya bomba. Anakaa bila baiskeli kuyumba hata kidogo. Nimewaona watu wazima waliozoea baiskeli za maelfu ya dola wakilijaribu hilo na kuchekwa na watoto.

Ukimfuata barabarani akirudi Tanga utadhani anakwenda polepole. Kweli, mwanzoni anakwenda polepole. Kila kwenye bonde dogo ambako kijito kinapita, wewe unabana breki kwa hofu ya daraja, yeye anaachia, anashuka na tenga lake likimsukuma, na kasi hiyo inampandisha karibu nusu ya mlima wa pili bila kukanyaga. Panapobaki anashuka, anasukuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye tenga. Hana haya ya kushuka. Kwa gia moja na mzigo ule, kung'ang'ania kukanyaga mlima ni kuchoma nguvu utakazozihitaji baadaye. Kufikia Tongoni yuko mbele yako, na hajui kwamba mlikuwa mkishindana.

Njia hii kwa miaka ilikuwa ya vumbi na changarawe, na ilikuwa na elimu yake. Penye mchanga hukati kona wala huachi kukanyaga, unaulegeza usukani uende unakotaka. Wakati wa masika udongo mwekundu ulijazana kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu likagoma, na wengi waliyang'oa madigadi kabisa Machi ikifika. Sasa lami imeingia, ikiwa sehemu ya mradi wa barabara ya kilomita 256 inayokusudiwa kuiunganisha Tanga na Bagamoyo kwa kupitia Pangani na Saadani. Kuna wageni wanaosikitika. Mimi sisikitiki: uzuri wa vumbi huonwa na anayelila mara moja kwa mwaka. Samaki waliokuwa wakifika wamepondeka sasa wanafika wazima. Kinachonitia wasiwasi ni malori, ambayo nayo yameipenda lami, na ule ukingo mwembamba wa kushoto ambao mchuuzi ameuzoea kwa kivuli chake sasa anaugombea na matairi yaliyo marefu kumshinda yeye. Elimu ya mchanga inazeeka, na elimu mpya inatungwa: kusikia lori kwa mgongo, kujua kwa mlio kama dereva anapunguza au haoni, kujua wapi bega la barabara lina kina cha kuangukia salama. Pikipiki nazo zimewachukua vijana wengi. Ila pikipiki inakula mafuta, na siku ya samaki wachache baiskeli ndiyo inayobaki na faida.

Pangani utafika kabla ya saa nne kama uliondoka saa kumi na mbili na hukuziba pancha zaidi ya moja. Mji ni mdogo, wa kale, wenye nyumba za milango ya nakshi zinazoporomoka na historia nzito: hapa Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani dhidi yao, Desemba 1889. Ng'ambo ya mto ni Bweni, na anayetaka kuendelea hadi Ushongo anavuka na baiskeli yake. Wengine hula, hulala chini ya mwembe, na hungoja. Kusi ikiwa inavuma, saa tisa ndiyo saa ya kugeuza: upepo umefika kileleni, nao sasa unakwenda kwenu.

Kuna watakaokushauri urudi kwa Muheza ili usiione njia moja mara mbili. Hadi Muheza ni safari nzuri, kama kilomita 45, ya mashamba na michungwa, ingawa upepo hausaidii sana. Kutoka hapo hadi Tanga ni barabara kuu, yenye mabasi ya Dar es Salaam na Arusha yanayofukuzana na ratiba. Baiskeli ipandishwe juu ya daladala ifungwe, na mwenyewe akae ndani, dirishani, bila aibu yoyote.