Sambo ya Kiwandeo na Mmiliki wa Msamiati

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipoidhinisha Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, Kiamu kilisukumwa pembezoni pamoja na istilahi zake za ubaharia. Katika Sambo ya Kiwandeo, Ahmed Sheikh Nabhany anaunda chombo kwa beti, na msamiati wa mafundi unahifadhika humo. Wahakiki wamezoea kumsifu kwa neno “runinga”. Kazi hii, hata hivyo, ni nzito zaidi, kwani hapa mshairi habuni neno bali analiokoa. Tatizo ni kwamba kitabu kilichapishwa Leiden mwaka 1979, kikiwa na jina la pili la Kiingereza. Fundi wa Lamu, mwenye msamiati huo, ni vigumu kumwona miongoni mwa wasomaji waliokusudiwa.